Namba 4417

Lori la unga lilinishusha Likasi saa sita mchana, mbele ya safu ya nyumba za matofali zisizo na tofauti yoyote. Sikumjua mtu. Nilikuwa na barua ya kuniombea malazi kutoka kwa padri wa Kapolowe, na juu yake jina, Lambert Mbombo, kisha namba: 4417. Dereva alinishauri niulize namba, maana kwa jina watu wangebishana. Mwanamke wa kwanza niliyemwuliza alinionyesha mlango bila kupunguza mwendo.

Mzee Lambert alikuwa na miaka sitini na minane. Thelathini na minne aliimaliza kwenye tanuru za shaba, na muda wote huo kampuni ilimpa kila kitu kwa namba hiyo: unga, dawa, nafasi za watoto shuleni. Alipostaafu akapewa kiinua mgongo. Mwaka 1991 alikipeleka chote kwenye moja ya zile nyumba za pesa zilizoahidi kurudisha mara nane baada ya siku arobaini na tano. Siku ya arobaini mlango ulifungwa. Sasa ilikuwa 1994. Alinisimulia hayo akimenya mihogo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa vya ghala.

Binti yake, Clotilde, alishona nguo za watu kwa cherehani ya marehemu mama yake. Ndiyo iliyowalisha. Niliikuta imefungwa kamba, tayari kubebwa.

Ilikuwa inauzwa. Mwanamume mmoja aliyevaa tai, aitwaye Bertin, alikuwa akipita mitaa ya wastaafu akisema kwamba pesa za 1991 zimeonekana Kinshasa, na kwamba atakayelipa ada ya faili atarudishiwa zote. Siku ya kwanza hakubisha hodi. Alisimama uani akaita namba, na mzee alijikuta amesimama. Ada ilikuwa dola ishirini. Mnunuzi wa cherehani angekuja kesho yake.

Clotilde aliniletea karatasi aliyoiacha Bertin.

"Weye unasema Swahili ya redio," aliniambia, "lakini Kifaransa unajua. Soma."

Hapakuwa na anwani wala jina la benki. Muhuri ulikuwa wa ushuru wa baiskeli, wa mwaka 1978. Nilimwambia mzee hivyo. Nikaongeza jambo nililoliona katika miji mingine: aliyeibiwa mara moja hutafutwa tena, kwa sababu wezi wameshamjua, na anayedai malipo kwanza ili akurudishie chako hana cha kurudisha. Alinisikiliza kwa adabu.

"Aliniita namba," alisema. "Namba yangu ni kampuni tu inaijua."

"Papa, ku kilio ya mama balisoma namba yako," Clotilde alisema. "Bantu bote balisikia."

Ni kweli. Jeneza lilitolewa na kampuni kwa namba ya mume, na karani aliyelileta aliisoma kwa sauti mbele ya waombolezaji ili mtu atie sahihi. Kila msiba wa mtaa huu ulikwenda hivyo. Aliyetaka namba za wastaafu alihitaji tu kuhudhuria. Mzee aliuliza kama yule wa tai alikuwepo. Clotilde alijibu kwamba alikuwepo, alikunywa chai mara mbili na kulia kuwashinda ndugu.

Mzee akamaliza kumenya mhogo uliobaki.

Asubuhi mnunuzi alirudishwa mikono mitupu. Haikupita saa moja, Bertin akaita uani: "4417!"

Mzee alisimama. Alijua kila kitu, na bado alisimama, mikono ubavuni, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Clotilde akampita.

"Ile namba ilikufa," alimwambia Bertin. "Kuya ku kilio yake, chai iko."

Bertin alitabasamu, akafuta kitu kwenye daftari lake, akaita namba ya nyumba ya pili. Tulisikia kiti kikisogezwa huko. Clotilde aliwafuata majirani hao kuwaonya. Alirudi akisema wamemwambia ana wivu.

Mzee alikuwa tayari anakunja mashati yake mawili. Dada yake alikuwa na shamba Kapolowe, na lori lililonileta lilikuwa linarudi huko tupu.

"Nikibakia hapa ataniita tena," alisema. "Na miye nitasimama."

Clotilde alimfungia mihogo ya njiani, akamfuta unga begani, ingawa angekaa juu ya magunia matupu yenye unga zaidi. Mzee aliniomba nikae katika chumba chake hadi mwisho wa mwezi, ili mtaa uone kuna mwanamume nyumbani.

"Akiita," alisema, "usiitike."

Lori lilikata kona pale kwenye nguzo ya umeme. Hakugeuka. Ndani, Clotilde alikuwa ameanza kufungua kamba za cherehani.