Kura ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kadi. Siku hizo pale Manundu ukisema "mtu wa kadi" kila mmoja anaelewa: mtu wa chama, asiyekosa mkutano hata mvua inyeshe. Kadi yake aliifunga kwenye pindo la kanga, mahali ambapo wenzake hufunga senti. Zaidi ya chama, kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, binti wa jumbe wa Sindeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu ilikuwa baba. Mtumishi wa serikali ya Mwingereza hakuruhusiwa kuwa na kadi, na baba alikuwa na midomo mingi ya kulisha.

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulipokaribia, watu wawili walitaka kusimamishwa na chama. Mmoja alikuwa karani wa shamba la mkonge, mtu wa sauti ndogo, aliyezunguka vijiji vya Handeni akiwauliza wakulima wanataka nini. Walimpenda. Lakini wengi wao hawakuwa na kadi, na asiye na kadi hakuwa na neno katika kumteua mgombea. Wa pili alikuwa mwalimu aliyeacha kazi, mtanashati, mdomo kama cherehani. Huyu hakupoteza muda wake vijijini. Alikuja kwetu, akampa mama mkwe shikamoo ya kupiga magoti, akala ugali, akausifu mchicha ambao nilikuwa nimeuunguza mwenyewe. Nikajua huyu ana jambo.

Mkutanoni alisema kile ambacho wenye kadi walitamani kusikia. "Asiye na kadi si mwenzetu! Msile naye! Akifa, azikwe na Mwingereza wake!" Uwanja ulilipuka. Vigelegele vya mama mkwe vilipita vya wote. Mimi nilisimama nyuma yake, nikimfikiria baba.

Maneno yana miguu. Hayakuchukua muda kufika Sindeni, na kabla hayajapoa bibi yangu, mama yake baba, akafariki. Habari tuliletewa asubuhi na dereva wa lori la Mhindi mwenye duka, aliyekuwa akienda na kurudi huko kupakia mahindi. Akaongeza, macho chini, kwamba watu wa kadi wamegoma kwenda msibani. Waliojua kuosha wote walikuwa na kadi. Wanawake wa nyumbani kwetu walijua kulia tu. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni, nikafunga nguo zangu bila kumuaga mama mkwe.

Nilipofika kwenye lori, yeye alikuwa ameshakaa juu ya magunia matupu, ndoo yake mapajani.

"Panda," akasema. "Maiti hangoji mkutano."

Sindeni tuliwakuta wanawake wa kadi wamesimama ng'ambo ya njia, wamekunja mikono. Mama mkwe aliwasalimu, akapita. Ndani alifungua pindo la kanga, akanipa kadi niishike isilowe. Nikaishika kwa mikono miwili huku yeye akimwosha bibi yangu taratibu, akimgeuza kama anavyogeuzwa mtoto aliyelala, akimwita shoga, na hawakuwahi kuonana wakiwa hai. Sijawahi kuona ukubwa wa mtu kwa karibu namna ile. Mlangoni mwanamke mmoja wa kadi akaleta maji, kisha mwingine, na adhuhuri waume zao wakaja na majembe.

Siku ya kuteua mgombea, watu walijipanga nyuma ya wanayemtaka. Mama mkwe aliomba kusema kwanza, akamgeukia mwalimu.

"Mwanangu, nilikupigia vigelegele. Leo navirudisha. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kura ya serikali wamepewa wenye elimu, wenye mshahara na wenye cheo. Mimi sina hata kimoja. Jumbe anayo. Ukimfukuza leo, kesho utamwomba kwa mdomo upi?"

Mama mkwe akaenda kusimama nyuma ya karani, na wanawake kadhaa wakamfuata. Lakini mstari wa mwalimu ulikuwa mrefu zaidi, akateuliwa yeye. Roho iliniuma kama aliyeshindwa ni mimi.

Karibu na siku ya kura, baba alikuja Manundu. Alikaa ukingoni mwa mkeka, kwa heshima ya ukwe.

"Mkwe wangu," akasema, "serikali imenipa kura, wewe imekunyima. Ulimwosha mama yangu. Kura hii nimekuletea. Nimpe nani?"

Nilijua la kujibu, na moyoni nilimhimiza aseme: mpe yeyote, ila si yule.

"Mpe mwalimu," akasema mama mkwe.

"Yule yule?"

"Chama kimeshasema, mkwe. Adabu nitamfunza mwenyewe."

Baba akainamisha kichwa. Alikwenda kumpa mwalimu, kama alivyoambiwa.

Siku yenyewe ya kura mama mkwe aliamka alfajiri, akaoga, akavaa kanga mpya, akafunga kadi kwenye pindo. Kisha akakaa barazani hadi jua likachwa, maana hakuwa na mahali pa kwenda.