Mkalimani wa Kamene

Juzi nilipita kwa muuza sukari nguru hapa Kawangware, yule anayeivunja kwa nyundo mpaka vipande vinaruka barabarani. Harufu ikanipanda puani, nikasimama katikati ya watu kama mbuzi aliyemulikwa na gari. Mjukuu wangu Mwende akaniuliza, "Shosho, ni sukari imepanda?" Nikamwambia siyo sukari, ni aibu. Na nyinyi nawaambia, kwa sababu aibu ikishazeeka haiumi tena, inawasha tu.

Huyo Mwende anasomea kufundisha watoto wasioongea. Ana kichwa huyo mtoto, sitaficha, kichwa amekitoa kwangu. Yeye ndiye aliniambia ati dada yangu Kamene ana kitu kinaitwa usonji. Sisi kule Mashimoni, Kibera, hatukuwa na jina. Tulisema tu, "Ndivyo Kamene alivyo."

Na alikuwa hivi. Alikuwa na miaka saba, mimi tisa. Wimbo wa kanisani aliuimba wote, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, Kikamba safi, bila kuruka neno. Lakini kuomba maji, hapana. Akitaka kitu alikushika mkono, akakuvuta, akauweka pale pale kwenye kitu, kana kwamba mkono wako ni mwiko. Majirani walisema ni kiburi. "Wimbo mzima anaweza, na maji hawezi kuomba?" Mimi nami nilizaliwa na maneno ya watu wawili, kwa hivyo nikajipa kazi. Nikawa mkalimani wake.

Kazi ilikuwa tamu. Jirani yetu Mama Atieno, mtu wa kando ya Ziwa, kwa wala samaki, alikaanga mandazi mlangoni pake. Kamene alimwendea bila hodi, akamshika mkono, akauweka kwenye beseni. Mama Atieno akanigeukia mimi.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema anataka mbili. Moja nimshikie."

Siku nyingine Mama Atieno alikuwa anapika samaki. Kamene alikuwa hata hajatoka nyumbani, lakini mkalimani alikuwa ameshafika.

"Kamene anasema anatamani samaki."

"Mtoto wa Mkamba? Samaki amemjulia wapi?"

"Anasema hasa kichwa."

Nilikila kile kichwa nyuma ya choo, mpaka macho. Kamene alikuja akanikuta. Harufu ya samaki ilimfanya azibe masikio, siyo pua, masikio, na akasimama mbali akinitazama mpaka mfupa wa mwisho.

Baba alikuwa ameshafariki, na Mama alishinda Soko la Toi akiuza nyanya. Kamene naye alishinda akiingia nyumba za watu na kufunua sufuria. Malalamiko yakafika hadi kwetu kijijini, Kitui, na kaka yake Mama, Mjomba Muli, akaja kumchukua.

Mjomba Muli alikuwa mtu wa kuongea. Alianza akiwa bado kichochoroni. Safari yote tuliisikia kabla hatujaona kofia. Alivua viatu, akatundika kofia kwenye msumari, akaketi, na hakuna mahali katikati hapo aliponyamaza.

"Nipe huyu mtoto," akamwambia Mama. "Hapa atapotea. Kwangu atachunga mbuzi. Mbuzi hawataki maneno."

Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikaona anatupa maharagwe na kuacha mawe.

Mjomba akanipa kipande cha sukari nguru kikubwa kama ngumi. "Wewe ndiye mkubwa. Wewe ndiye unamwelewa." Nikakisukuma chote mdomoni kabla hajabadilisha nia.

Hapo Mama akaweka ungo chini, akanitazama. "Muulize dada yako. Anataka kwenda?"

Kamene alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya soda. Wala sikumuuliza. Niliwaza kitanda. Tulilala kimoja, na Kamene alilala akikikata katikati, miguu yake kwenye mbavu zangu. Utamu ukanishuka kooni.

"Anasema anataka."

"Anataka?"

"Sana. Anasema anapenda mbuzi."

Kamene, ambaye alimwogopa mbuzi kuliko moto, akasimama. Akamwendea Mjomba, akamshika mkono.

"Mnaona!" Mjomba akapaza sauti. "Ameshanishika! Damu ni damu!"

Kamene akamvuta hadi mlangoni, akauweka ule mkono kwenye komeo. Mjomba akafungua akicheka, akatoka na soksi zake akidhani anaonyeshwa kitu. Kamene akarudi, akachukua kofia, akampelekea. Akarudi, akampelekea mfuko. Akarudi, akampelekea kiatu kimoja. Kisha akasukuma mlango wa mabati na kufunga komeo, akarudi kwa vifuniko vyake.

Mjomba hakuwa ametambua. Tulimsikia huko nje, "...na hewa ya kule ni safi, siyo kama hii ya..." Halafu kimya. Kimya cha kwanza tangu afike.

Mama Atieno akaita kutoka kwake, "Mzee, umefukuzwa na nani?"

"Na mtoto asiyeongea!"

"Haongei? Mbona mimi hapa nimemsikia!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikaisha, akanigeukia.

"Haya, mkalimani. Hiyo amesema nini?"

Sukari ilikuwa imenigandisha meno. "Anasema haendi."

"Na wewe ulisema nini?"

Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi ya sukari tu. Mama hakunichapa, na kwetu ukiona hujachapwa ujue umekosa kweli kweli. Alisema tu, "Mdomo wako ni kama bomba la Mashimoni. Siku ya maana, linatoa hewa."

Mjomba alifunguliwa, akala, akalala, na asubuhi akarudi kwa mbuzi wake peke yake. Mimi nikafutwa kazi. Aliyetaka kujua Kamene anasema nini aliambiwa ampe mkono aone.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa uongo. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, Mama akiwa mgonjwa kitandani na Kamene, mwanamke mzima, ameketi miguuni pake. Mama hakuwahi kuhitaji mkalimani. Mkono wa Kamene aliusoma tangu akimnyonyesha, na jibu lake alilijua. Siku ile aliyeulizwa nilikuwa mimi. Mjane wa watu alitaka kusikia kama yuko mwingine duniani atakayesema, huyu ni wetu, haendi popote. Nami nilikuwa natafuna.

Nikamwambia pale kitandani, bila kuulizwa, kwamba Kamene ataishi na mimi.

Mama akafumba macho. "Umechelewa kujibu," akasema. "Lakini umejibu."