Sauti ya Mzee Haiko kwa Rekoda, na Mazishi ni Alhamisi

Admin, nifiche kabisa. Hata kijiji usitaje, sema tu ni upande wa Nyamira. Mimi ni dada wa miaka 29, Msabato, sina mume, na kazi yangu ni kurekodi kwaya na mazishi. Mtu akipiga hodi hapa kwangu, sifungui mpaka nijue ni nani.

Kuna mzee wa huku kwetu aliyekuwa mwalimu wetu wa kwaya. Ndiye alinifundisha kuimba nikiwa bado mdogo. Aliugua koo mpaka sauti ikabaki ya kunong'ona tu. Mwezi uliopita akaniita, akasema, "Mwanangu, nataka uchukue maneno yangu. Karatasi wataichoma, lakini sauti yangu hakuna wa kuikataa." Nikajua anaongea juu ya vijana wake wawili na dada yao mkubwa, nitamwita Kwamboka, rafiki yangu, aliyerudi nyumbani ndoa ikimshinda. Baba alimjengea nyumba katikati ya shamba la majani chai, na ndugu zake wameapa kwamba baba akifunga macho tu, dada anatoka.

Rekoda yangu peke yake haikuweza ile sauti ndogo, ilikuwa inaleta upepo mtupu. Nikashuka Kisii mjini kutafuta priampu, kile kimashine cha kuinua sauti ya maiki kabla haijaingia kwa rekoda. Nilitaka cha betri, kwa sababu kwa mzee mvua ikinyesha stima inapotea. Mwenye duka akaniwekea mbili kwa meza. Moja nzito, ya betri za kununua, haina mahali pa hedifoni. Nyingine nyepesi, ya kuchaji, ina tundu lake la hedifoni. Akaniambia, "Dada, chukua hiyo nzito, inashika waya vizuri. Hii nyepesi matundu yake hulegea haraka." Mimi na kichwa changu kigumu! Nikamwambia mimi nataka kusikia ninachorekodi. Nikabeba nyepesi, nikatoka nikijiona fundi wa mafundi.

Ijumaa jioni mzee akafukuza kila mtu nje, tukabaki wawili. Nikachomeka hedifoni kwa priampu. Jamani, sauti ilikuja safi mpaka nikasikia akimeza mate. Akasema, "Kwamboka asiondolewe. Nyumba yake na chai yote kutoka kisimani hadi mtoni ni yake. Atakayemtoa yeye amenitoa mimi." Akarudia tena, polepole. Nililia. Jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, nikafunga vyombo haraka na sikuvigusa tena. Ndivyo tulivyolelewa, Sabato hufungui kazi.

Jumamosi jua lilipozama nikafungua rekoda. Kimya. Dakika ishirini na mbili za kimya. Waya wa kutoka kwa priampu kuingia kwa rekoda ulikuwa umechomoka nusu. Taa nyekundu ya rekoda ilikuwa inawaka, nikaona inatosha. Kumbe wakati wote nilikuwa nasikiliza priampu, sikuwa nasikiliza rekoda! Nyasae, Mungu wangu! Jumapili asubuhi nikatoka mbio kwenda kurudia. Kabla nifike getini nikasikia vilio.

Kijana mkubwa wa mzee akaniuliza mbele ya watu, "Maneno ya baba uko nayo?" Nikajibu, "Niko nayo, iko sawa." Sijui mdomo ulitoa wapi hayo. Sasa wameiweka kwa programu ya mazishi, baada tu ya mahubiri: Marehemu Anaongea. Na juzi huyo kijana akanipigia. "Hiyo kitu niletee kwanza niisikie peke yangu. Na kama kuna mambo ya dada yetu ndani, kumbuka wewe ni rafiki yake, na hapa ni kwetu." Alisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulinimaliza. Nikamwambia bado naisafisha.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nikaona niirefushe. Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia, "Si uko na nyimbo za mzee za zamani? Nitumie. Kompyuta itamfanya aseme chochote unachotaka." Nikatuma. Nikaandika maneno vile vile mzee alivyosema, haki sikuongeza hata moja. Jana akanirudishia, ameishusha hadi mnong'ono. Admin, ni yeye! Nikaicheza mara ya pili nihakikishe, mlango ukiwa wazi, na Kwamboka alikuwa anaingia kuniletea ndizi.

Alikaa chini palepale mlangoni. "Hiyo ni sauti ya baba," akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kufunga nguo zangu. Wacha niende nifungue." Akanikumbatia akilia, na mimi nikapokea zile ndizi, nikamwacha aamini.

Sasa ndugu zangu, nikiicheza Alhamisi, maneno ni ya kweli lakini nitakuwa nimemsemesha maiti mbele ya jeneza lake na mbele za Mungu. Na wakigundua, watasema hata maneno nilipika, na Kwamboka atatolewa siku hiyo hiyo. Nikisimama niseme kwa mdomo wangu kwamba rekoda ilikuwa tupu, nani ataniamini mimi, rafiki yake? Na yule kijana atanifanya nini nikitoka pale?

Msinitukane, nimejitukana vya kutosha. Nishaurini upesi. Nikiwa hapa naandika Kwamboka ametuma ujumbe, anaomba aje jioni amsikie baba tena kidogo. Nimjibu nini?