Herufi Tatu Kwenye Chupa ya Dawa

Juzi, katika duka la dawa pale Ukunda, nilipewa pakiti iliyoandikwa TDS, na hasira ya zamani ikanipanda.

Nilikuwa mtoto, na bendera ya uhuru ilikuwa bado haijapauka. Mdogo wangu Rama alikuwa akichemka kwa homa, na dresa, msaidizi wa tabibu pale zahanati, alimpa mama chupa ya dawa iliyonuka spiriti na sukari iliyoungua. Kwenye karatasi iliyobandikwa chupani palikuwa na herufi hizo tatu tu. Mama hakujua kusoma. Mimi nilijua, lakini sikuzielewa, nikadhani dresa ametuandikia tusi la mafumbo.

Mama alirudi kwenye dirisha la kutolea dawa. "Bwana dresa, hapa umeandika nini?"

"Kama hujui kusoma, hiyo si kazi yangu," alijibu bila kuinua macho. "Hebu sogea, wenzako wanangoja."

Mama hakusogea. "Mzungu aliyekuwa hapa alinijibu vivyo hivyo. Wewe nilidhani utaniambia kwa lugha yetu."

Nilisikia Rama akihema mgongoni mwa mama.

"Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku," dresa alisema hatimaye, kwa chuki.

"Na hayo ndiyo yaliyokuwa mazito kuyasema?"

Tulipogeuka, wanawake waliokwisha kuanza kuondoka walikuwa wakirudi, kila mmoja na chupa yake. Walijipanga mbele ya lile dirisha kuuliza zao zimeandikwa nini, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia dresa.