Viwavi wa Mama Salome

Nilipokuwa mtoto kule Mtinko, viwavi walikuwa na mwenyewe, kama ng'ombe. Hawakuja tu. Kuna mtu aliwatuma, na kumjua ilikuwa rahisi: ungoje washibe, kisha utazame shamba la nani limebaki kijani. Huyo ndiye mchungaji wao. Mimi nimeendesha malori mpaka Lubumbashi, nimelala mipakani na watu wa kila imani, na sijaona mahakama iliyokuwa ikimaliza kesi upesi kama ile.

Mwaka ninaousema mvua ilianza mapema, ikakata, jua likawaka wiki kadhaa, kisha mvua ikarudi kwa fujo. Uwele ulikuwa umefika magotini viwavi walipotokea, weusi, wengi mpaka ukisimama shambani unawasikia wakitafuna. Siku nne tu, tukabaki na vijiti. Baba alisimama pale na ndoo ya majivu ya kuwafukuzia, hajui amwage wapi.

Wiki iliyofuata uwele wa Mama Salome ukachomoza. Alikuwa jirani yetu, mjane mwenye mtoto mchanga na ulimi mkali. Ukachomoza wote, mstari kwa mstari, katikati ya mashamba yetu yaliyolika.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na laiti nisingeingia. Nilikuwa na miaka kumi, kazi yangu kuongoza ng'ombe wa baba wakati wa kulima kwa plau. Sababu ya uwele wake kuchelewa nilikuwa naijua. Ng'ombe wa kulimia waliazimwa kwa zamu, na mjane aliwekwa mwisho. Mara tatu alikuja kuomba, mara tatu baba akamwambia, "Ngoja kwanza wenye familia wamalize." Tulipomlimia, sisi tulikuwa tumeshapalilia. Viwavi walipopita, mbegu zake zilikuwa bado chini ya udongo. Uchoyo wetu ndio uliomwokoa.

Ningenyamaza ingekuwa afadhali. Lakini kisimani watu wazima walikuwa wakibishana, nami nikaona nafasi ya kuchekesha. "Mimi nilimsikia siku tunalima," nikasema, nikiiga sauti yake. "Aliwaambia viwavi, 'Wanangu, kwangu msile. Nendeni kwa Msengi, ndiko kwenye shibe.'"

Msengi ni baba yangu. Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka.

Kesho yake asubuhi wanaume walijaa uani kwa Mama Salome, baba mbele, bila hata hodi.

"Viwavi wako umewapeleka wapi?"

"Wangu? Ningekuwa na viwavi, Msengi, ningewafunga plau. Ng'ombe wako si umeninyima?"

"Usinichezee. Mtoto amekusikia."

Mama Salome akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Wewe si ndiye uliyeongoza ng'ombe? Waambie tulilima lini."

Baba alikuwa ananitazama.

"Sikumbuki, mama," nikasema.

Wakaingiza ng'ombe shambani kwake, wale wale niliowaongoza. Kufika saa sita hakikubaki hata kijani cha kumfunika panzi. Lilikuwa shamba pekee ambalo lingetoa chakula mwaka ule, na mbegu za mwaka uliofuata. Tulilisha ng'ombe, kisha tukafa njaa pamoja. Yeye akafunga mzigo, akambeba Salome mgongoni, akaenda kwa kaka yake Kiomboi. Alipopita kwetu nilimwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Kwetu hata mwizi hanyimwi marahaba.

Sasa mimi ni mkulima Unyambwa, ukiniruhusu kujiita hivyo, maana lori sijaliacha bado. Mvua haieleweki tena. Viwavi ambao zamani walipita mara moja tukawasahau, siku hizi tunawaona karibu kila msimu, na wamekuja wengine wageni wanaojificha ndani kabisa ya mhindi. Bwana shamba anatueleza kwamba joto likizidi wanazaana haraka, na kwamba ukame ukifuatwa na mvua ya ghafla ndiyo karamu yao. Watu wanaitikia kwa heshima, kisha wanarudi nyumbani kumtafuta mwenyewe.

Msimu uliopita lori liliniharibikia Tunduma, nikachelewa kupanda. Viwavi wakapita shamba langu likiwa tupu. Mahindi yangu yalipoota, majirani walisimama kwenye uzio wangu.

"Mzee, nchi zote hizo ulizotembea," mmoja akasema, "ulirudi na nini?"

"Na kitambi," nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Mwingine alikuwa tayari ameshika mti wa lango, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wakisubiri. Ndipo dereva wa trekta aliyekuwa akipita na dumu la dizeli akasimama.

"Huyu nilimlimia mwisho kabisa," akasema. "Trekta si ilikuwa kwenu?"

Akaendelea na safari yake, dumu halikugusa hata chini. Walibaki wakinung'unika, kisha wakaondoka na ng'ombe wao, bila kuniaga.

Nilikaa kizingitini nikiyarudia maneno yale ya dereva polepole, mdomo wangu ukiyajaribu. Ni mafupi mno. Hata mtoto wa miaka kumi angeyamaliza kwa pumzi moja.