Mama Hafsa Hapokei Tangi Kabla ya Chai

Mwandishi wa habari hii hajawahi kudanganywa na mtu yeyote Eldoret. Kabatini kwake kuna chupa ya asali ya porini aliyoinunua juzi, na sukari iliyotuama ndani yake bado inayeyuka polepole.

Kwa hiyo leo ameamua kumfuata mtu anayeijua kazi ya kuwanasa waongo.

Saa tatu asubuhi, Hafsa Bashir anashuka kwenye bodaboda, anajitanda shela yake vizuri na kugonga lango la Mzee Simeon kwa jiwe. Mzee huyu ni mfanyabiashara wa gesi, na ameahidi kukipa kikundi cha Kivuli Chetu tangi la maji. Kikundi kinapanda miti kwenye kilima kilichokatwa miti ya kuchoma makaa kikabaki kipara. Bila maji, miche elfu nne iliyo kitaluni haitafika msimu wa mvua.

Kazi ya Hafsa ni kujua kwanza mkono unaotoa umetoka wapi.

"Kwa ofisi kila mtu ni malaika," anasema. "Mimi nakunywa chai nyumbani kwake. Boma haijui kunyamaza."

Kikundi kilianza mwaka 2009, baada ya ghasia za uchaguzi. Hafsa alikuwa na duka, na majirani wa pande zote mbili walipokimbia, walimwachia magodoro yao.

"Yalilala pamoja kwa stoo yangu na hayakugombana hata siku moja," anacheka. "Wenyewe ilichukua mwaka mzima kusalimiana."

Waliposalimiana, wakapanda miti. Mfadhili wa kwanza alikuwa mwanasiasa, naye akafunga kila mche kitambaa cha rangi ya chama chake. Watu wa chama hicho wakamwagilia miche ya upande wao hadi mizizi ikaoza. Upande wa pili, watu walipita wakitazama mawingu.

"Ilikufa yote," anasema Jeruto, mwenyekiti wa kikundi. "Nusu kwa kiu, nusu kwa mapenzi."

Tangu hapo, zawadi haipokelewi kabla ya Hafsa kunywa chai na mtoaji. Kwa kazi hiyo Hafsa hulipwa shilingi elfu tatu kwa mwezi. Chai, bila shaka, ni ya mfadhili.

"Kukataa watu nikicheka nilijifunza dukani," anasema.

Lakini leo hataki kukataa. Ameshachagua mahali pa tangi, juu ya jiwe lililo kando ya kitalu. Mvua ikianza, anataka majirani wa pande zote mbili wapandishe miche kilimani pamoja. "Naomba Mungu huyu awe mtu mzuri. Mgongo umechoka na mitungi ya maji."

Mzee Simeon anamkaribisha uani, anamimina chai ya maziwa.

"Mimi na msitu ni ndugu, Mama. Nauza gesi peke yake. Makaa? Sijashika miaka kumi!"

"Mungu akubariki, Mzee."

Kuku wanne wanatokea nyuma ya stoo iliyofungwa kwa kufuli. Migongo yao ni ya kijivu, matumbo meusi tititi.

"Kuku wako wana rangi ya ajabu," anasema Hafsa.

"Hiyo ni mbegu ya Uganda, Mama. Huzaliwa hivyo hivyo."

Hafsa anamwaga makombo ya mandazi miguuni. Kuku mmoja anasogea, anakamatwa. Hafsa anachovya ncha ya shela kwenye maji ya kunawa, anasugua bawa polepole, kama mtu anayeomba lisibadilike.

Bawa linakuwa jeupe kama unga.

Anamwachilia. Kuku anajipukuta kwa hasira, vumbi jeusi linatanda juu ya meza, na chai ya Mzee Simeon, iliyokuwa na maziwa mengi, inageuka kuwa chai ya rangi.

"Mzee," anasema Hafsa kwa upole, "hii mbegu ya Uganda inachujuka. Lete ufunguo wa stoo."

Mzee Simeon anautazama mlango wa stoo. Kisha anakiinua kikombe chake, anainywa chai ile hadi mwisho, na kusema ni tamu.