Mayai ya Khainza Niliyakula Mimi

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka jana, tulimpoteza Khainza. Alikuwa na miaka sita, mtoto wa pekee wa dada yangu. Kifo chake si kosa langu. Kosa langu lilianza siku chache baadaye, nilipofungua mdomo. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Yeye na mama yake walikuwa wanatoka Mbale kuja kunitembelea Walukuba, hapa Jinja. Gari lao likagongana na lori la miwa. Mtoto alikufa palepale. Dada alivunjika paja na nyonga, akafikishwa hospitali hajitambui.

Wazee walisema mwili wa mtoto hauwezi kungoja. Tukamzika nyumbani kwetu, chini ya mlima Wanale, mama yake hayupo. Tukanyolewa nywele kama ilivyo desturi yetu ya msiba, nami nikarudi Jinja kumuuguza dada.

Kwetu mgonjwa mahututi haambiwi msiba. Kila mgeni tulimkamata mlangoni: "Ukilia, huingii." Baba mdogo akaniambia, "Wewe ndiye utakayekaa naye. Funga mdomo mpaka apate nguvu."

Dada alipofumbua macho, neno la kwanza lilikuwa, "Khainza yuko wapi?"

"Yuko kwa mama, Wanale. Aliumia mkono kidogo tu."

Jamani! Niliambiwa ninyamaze. Huo mkono niliutunga mwenyewe.

"Na nywele zako zimekwenda wapi?"

"Chawa wa wadi hii, dada."

Akacheka, kisha akajishika nyonga kwa maumivu. "Usinichekeshe, wewe!"

Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye uzito. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha. Kila asubuhi nilimletea mayai mawili ya kuchemsha. Moja alikula. La pili alilifunga kwenye leso yake. "Mpe mtu anayekwenda Mbale. Mkono wa mtoto unataka yai."

Siku ya kwanza nilitaka kulitupa. Nikashindwa. Nitupeje chakula cha marehemu? Nikalila nyuma ya wadi, nimesimama, bila chumvi. Kesho yake tena. Na keshokutwa. Wiki saba! Mpaka leo nikiletewa yai, nasogeza sahani.

Kulikuwa na muuguzi mmoja, mama wa makamo kutoka kaskazini, mume wake askari magereza. Siku moja alinivuta kando.

"Mama, huyu sasa ana nguvu. Mwambie. Tutakuwa hapo pamoja na wewe."

"Bado, sista."

"Bado yeye, au bado wewe?"

Alikuwa amesema kweli. Sikuwa namlinda dada tena. Nilikuwa naogopa uso wake.

Halafu dada akataka simu. "Nisikie tu sauti yake. Nikishaisikia, nitaacha kukusumbua."

Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito kuandika. Nina binti, Nandudu, umri uleule. Nilikwenda nyumbani, nikamwachia simu ya jirani, nikamfundisha: "Mama mkubwa akiuliza, sema, Mama, niko sawa, mkono umepona."

Akanitazama. "Kwani mimi ni Khainza?"

"Leo tu."

Nikarudi wadini, nikapiga. Mtoto alisema vizuri kabisa, ole wangu! Dada alilia kwa furaha. Akaanza mwenyewe kudai magongo. Alitembea jasho likimtiririka, akihesabu vitanda. "Leo hadi cha sita! Ngoja, nitafika Wanale!" Wadi nzima ilimpigia makofi. Na mimi nilipiga.

Aliporuhusiwa alitaka Mbale moja kwa moja. Tuliofuatana naye, hakuna aliyethubutu kusema. Akaliona mwenyewe, kaburi dogo kando ya migomba, majani yameshaota juu yake.

Hakulia. Alisimama kwenye magongo, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mayai alikuwa anakula nani?"

"Mimi, dada."

"Na kwenye simu?"

Nikamwambia. Mama yetu aliposikia, alifunika uso kwa kanga.

Dada akaomba kiti. Magongo aliyaweka chini, na hajayashika tena. Mazoezi alipewa, hakuyafanya. Nguvu yote ile ilikuwa ya kumfikia mtoto. Mguu umekauka sasa, anasogezwa kwa kubebwa, mwanamke aliyekuwa ameshatembea! Alibaki Wanale kwa mama. Mimi akaacha kuniita hata jina.

Na Nandudu wangu? Simu ikilia ndani ya nyumba, anatoka nje.

Ninyi mnaouguza watu wenu, nawaomba. Jiulizeni ni nani hasa mnayemlinda. Mgonjwa akiwa na nguvu ya kuuliza, mshikeni mkono mumwambie. Atalia, na ninyi mtalia, lakini mtalia pamoja naye. Mimi nilimnyima dada yangu kilio cha mtoto wake mwenyewe. Na kamwe msiweke uongo wenu mdomoni mwa mtoto!

Jumapili iliyopita, mchana, simu yangu ililia. Dada. Miezi minane hakuwa amenipigia. Hakunisalimu.

"Nipe huyo mtoto."

Nandudu alikuwa anaosha vyombo, simu ilimkuta kabla hajatoka nje. Alifuta mikono kwenye gauni, akaishika simu kwa mikono miwili, akanitazama. Safari hii sikuwa na la kumfundisha.

"Mama mkubwa," alisema, "ni mimi, Nandudu."

Nilisikia kuku wa mama kule Wanale. Kisha sauti ya dada, ndogo sana:

"Umekula?"

"Bado."

"Kula, mwanangu."

Simu ikakatika.